Mawimbi Ndani ya Vumbi Jekundu: Hoja Kuhusu Hematiti na Fizikia Yetu

Ukichota konzi ya udongo mwekundu wa bara ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, upande unaotazamana na Macaloe na visiwa vingine vya Quirimbas, kisha ukaupitishia sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, chembe nyeusi kama za magnetiti zitaruka na kuganda. Vumbi jekundu litabaki kiganjani. Somo la usumaku mashuleni nalo huishia papo hapo: kinachovutwa kina usumaku, kisichovutwa hakina. Nadai kwamba kipimo hicho kinatuficha sehemu kubwa ya fizikia ya leo, na kwamba hematiti, madini yanayoupa udongo wa aina hiyo wekundu wake, ndiyo mahali pa kuanzia.

Katika fuwele ya hematiti kila atomu ya chuma ina spini, yaani usumaku mdogo utokanao na elektroni zake. Spini hizo hubaki zimejipanga mpaka joto lifike nyuzi 680 hivi za Selsiasi. Nusu zinaelekea upande mmoja na nusu upande wa pili, zikafutana; kitu chenye mpangilio huo huitwa antiferomagneti. Hata kufutana kwenyewe hakukamiliki: joto likizidi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, spini huinama kidogo, chini ya sehemu ya kumi ya digrii, zikaacha usumaku hafifu ambao Igor Dzyaloshinskii aliueleza kwa hoja za ulinganifu katika miaka ya 1950. Kwa hiyo, katika joto la pwani yetu, vumbi linaloonekana limezubaa limejaa mpangilio.

Penye mpangilio pana mtikisiko. Wavuvi waliojipanga kwenye kamba ya juya wanalifahamu jambo hili: mmoja akiyumba, myumbo hupita hadi mwisho wa safu, wala hakuna aliyehama. Hilo ndilo wimbi la spini, ambalo Felix Bloch alilieleza mwaka 1930. Hubeba nishati na taarifa bila mkondo wa umeme. Mwaka 2018 watafiti wa Mainz, Ujerumani, na wenzao walionyesha kwamba taarifa ya spini husafiri makumi ya mikromita ndani ya hematiti, umbali unaokaribia unene wa unywele. Louis Néel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, aliziona antiferomagneti kuwa za kuvutia lakini zisizo na matumizi ya dhahiri. Hukumu hiyo imepitwa na wakati.

Tena jambo limezidi kunoga. Katika antiferomagneti ya kawaida, mawimbi yanayozunguka kulia na yale ya kushoto hulingana nishati. Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth walibainisha kundi jipya, altamagneti, ambamo mawimbi hayo hutengana katika baadhi ya pande za fuwele pasipo sumaku ya nje. Mwaka 2024 utengano huo ulipimwa kwa nyutroni katika telaraidi ya manganizi. Oksidi ya ruthenia, iliyosifiwa sana mwanzoni, sasa inatiliwa shaka na vipimo vyenyewe. Hematiti kinadharia imo kundini, na hilo pekee lingetosha kumkosesha usingizi mwanafunzi wa fizikia.

Tusijidanganye kwamba mwenye mchanga ndiye mwenye sayansi. Moma, kusini zaidi kuliko Cabo Delgado, imekuwa ikisafirisha ilmenaiti tangu 2007, na Kwale ya Kenya ilifanya hivyo kuanzia 2014 hadi 2024. Ilmenaiti ni ndugu wa hematiti kwa umbo la fuwele, na spini zake hujipanga katika baridi ya nyuzi 210 hivi chini ya sifuri. Meli zimeondoka nayo, maarifa hayo hayakubaki bandarini.

Atauliza mtu: Cabo Delgado, ambako vita vimewatoa watu makwao tangu Oktoba 2017, inahitaji mawimbi ya spini? Inahitaji amani kwanza, na sidai maabara ya nyutroni Palma. Lakini nadharia ya mawimbi haya hutaka kalamu, kompyuta na mwalimu. Programu ya Quantum ESPRESSO, ya kukokotoa miundo ya elektroni, hupatikana bure. Shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa miundo ya elektroni ilifika Eldoret mwaka 2012, na Kigali ina taasisi ya fizikia ya msingi inayoshirikiana na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia. Wahadhiri wa Maputo, Dar es Salaam na Nairobi, wapeni wanafunzi wenu wa shahada ya kwanza hesabu ya mawimbi ya hematiti, tena muhula huu.