Binti wa Stalin na Uasi Ulioanzia Nyumbani

Walioikimbia dola ya Kisovieti walikuwa wengi, na aghlabu yao walifarakana kwanza na serikali, kisha serikali ikawafarakanisha na jamaa zao. Lakini Svetlana, binti wa Joseph Stalin, hakuwa na nafasi ya kuyatenganisha hayo mawili, kwani baba aliyemlea ndiye aliyekuwa serikali.

Alizaliwa Februari 1926, na utotoni alipendwa mapenzi makubwa. Mtu yule ambaye mawaziri walitetemeka mbele yake alikuwa akicheza na bintiye mchezo wa amri, mtoto akiandika katika karatasi kwamba anaamuru apelekwe sinema, na baba akitia sahihi chini yake kama katibu mtiifu. Novemba 1932 mama yake, Nadezhda Alliluyeva, alijipiga risasi. Mtoto akaambiwa, kama walivyoambiwa raia wote, kwamba ameuawa na maradhi ya kidole tumbo, akausadiki uwongo huo miaka kumi hivi, mpaka alipoikuta kweli katika gazeti la Kiingereza. Wakati huo mume wa mama yake mkubwa, Stanislav Redens, alikuwa amekwisha kupigwa risasi kwa hukumu ya dola hiyo hiyo, na mama mkubwa mwenyewe akaja kufungwa mwaka 1948.

Angali mwanafunzi, alipendana na Aleksei Kapler, mtunzi wa filamu, Myahudi aliyemzidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini, na makachero wakawa wanawafuata njiani na kuzisikiliza simu zao. Machi 1943 Kapler alikamatwa, na Stalin, kwa ghadhabu, akamwambia bintiye kwamba huyo ni jasusi wa Waingereza. Binti alipojibu kwamba anampenda, akapigwa makofi. Kapler alipelekwa Vorkuta, kaskazini kwenye baridi kali, miaka mitano, na alipothubutu baadaye kurudi Moscow akafungwa tena mitano. Sijui adhabu iliyo mbaya kuliko hiyo, ya baba kumrudi mwanawe kwa jela ya mtu mwingine.

Stalin alifariki Machi 1953. Binti akaliacha jina lake na kutwaa la mama, akabatizwa mwaka 1962 katika nchi iliyoikana dini, kisha akapendana na Brajesh Singh, mkomunisti wa Kihindi aliyekuwa mgonjwa. Waziri Mkuu Aleksei Kosygin akawanyima idhini ya kuoana. Singh alipofariki Oktoba 1966, Svetlana aliruhusiwa kuyachukua majivu yake hadi India, na huko, tarehe 6 Machi 1967, siku mbili kabla ya safari ya kurejea, aliingia ubalozi wa Marekani mjini New Delhi akaomba hifadhi.

Moscow alikuwa amewaacha watoto wawili, mvulana wa miaka 21 na msichana wa 16. Alirudi kwao mwaka 1984, suluhu isipatikane, akaondoka tena mwaka 1986, akafia Wisconsin tarehe 22 Novemba 2011. Wako wamlaumuo kwa watoto wale, nami siwezi kusema kwamba hawakudhulumiwa. Walakini lawama ya kwanza ni ya dola iliyomlazimisha mwanamke mtu mzima kumwomba waziri idhini ya kuolewa, na idhini ya kumzika aliyempenda.