«Una Kazi?»: Historia ya Swali Moja na Makosa Yake katika Takwimu za Ajira

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo dola huwauliza raia wake, machache yanaonekana mepesi kama hili: «Una kazi?» Neno «kazi» linajulikana kwa kila mtoto asemaye Kiswahili, toka Zanzibar hadi Kolwezi. Hata hivyo, swali hilo likiulizwa kwa namna mbili katika kijiji kimoja huzaa idadi mbili za wafanyakazi. Tofauti hiyo si lazima itokane na uongo wa wahojiwa wala uvivu wa wahojaji. Wataalamu wa takwimu huiita kosa la upimaji, yaani pengo lililopo kati ya hali halisi ya mtu na jibu linaloandikwa katika hojaji.

Kosa hilo lisichanganywe na kosa la sampuli. Kosa la sampuli hutokana na bahati ya kuchagua watu wachache badala ya wote, nalo hupungua kadiri idadi ya wahojiwa inavyoongezeka. Kosa la upimaji halina tabia hiyo: watu milioni moja wakiulizwa swali bovu, watatoa majibu bovu milioni moja. Makala hii inakusudia kuifuata historia ya kosa hilo katika takwimu za ajira, na kuonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni suala la lugha.

2. Kazi iliyoandikwa na kazi isiyoandikwa

Msamiati wa Kiswahili wenyewe unabeba alama za historia ya malipo. «Ajira» na «ujira» yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukodi na kulipa. «Mshahara» linatokana na neno la Kiarabu la mwezi. «Kibarua» ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa siku yake. Baadaye jina la kikaratasi likamhamia mtu na kazi yake. Nchini Kenya, kuanzia karibu mwaka 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba «kipande», cheti kilichoandikwa mwajiri na malipo. Mbele ya dola, kazi iliyotambuliwa ilikuwa kazi iliyoandikwa.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo hayakuwa tofauti. Watawala walipohesabu nguvukazi ya vijiji walitumia kipimo cha «wanaume wazima wenye nguvu», kwa kuwa lengo lao lilikuwa kujua ni wangapi wanaoweza kuchukuliwa kwenda migodini, mashambani na kwenye reli. Mwanamke aliyelima mihogo iliyolisha kijiji kizima hakuwa na safu katika daftari hilo. Kipimo kilijibu haja ya aliyekitunga, na hakikukusudiwa kuonyesha kazi yote iliyofanywa.

Athari ya historia hiyo ingali katika usemi. Johannes Fabian, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu wafanyakazi wa Shaba waliokuwa wafuasi wa Jamaa, alilifanya neno «kazi» kuwa kiini cha uchunguzi, akionyesha jinsi lilivyofungamana na uzoefu wa kazi ya mshahara. Mpaka leo, mjini Lubumbashi, mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa toka alfajiri anaweza kusema bila kudanganya: «Sina kazi, ninajitafutia tu.» Akiulizwa swali la hojaji, ataandikwa kwamba hafanyi kazi.

3. Marekani, 1937–1940

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la Afrika peke yake. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, serikali ya Marekani haikujua ina raia wangapi wasio na kazi. Sensa ya mwaka 1930 ilikuwa imeuliza zaidi juu ya ufundi au shughuli ya kawaida ya mtu; fundi seremala aliyekaa mwaka mzima bila kazi aliweza kuhesabiwa kuwa seremala. Mwezi Novemba 1937 kadi zilipelekwa kwa posta katika nyumba za nchi nzima, na wasio na kazi wakaombwa kuzijaza wenyewe. Watu wapatao milioni 7.8 walijiandikisha. Lakini wakati huohuo wahesabuji walitumwa nyumba kwa nyumba katika maeneo machache yaliyochaguliwa, ili kuyapima majibu ya kadi. Ukaguzi huo ulionyesha kwamba idadi halisi ilikuwa karibu milioni 11.

Somo lilikuwa kubwa: hesabu iliyowataka watu wote wajitokeze ilikosea kuliko uchunguzi wa wachache waliochaguliwa na kuulizwa vizuri. Sensa ya mwaka 1940 ikaacha kuuliza «wewe ni nani» kwa kazi, ikauliza mtu alifanya nini katika juma moja maalumu la mwezi Machi. Wazo hilo la juma la marejeo likawa msingi wa uchunguzi wa ajira duniani.

Hata hivyo, kosa lilibaki mlangoni. Kwa miaka mingi uchunguzi wa kila mwezi wa Marekani ulianza kwa kuuliza mtu alikuwa akifanya nini hasa juma lililopita: kazi, kutunza nyumba, kusoma au jambo lingine. Wahojaji waliruhusiwa kulirekebisha swali kwa kumtazama mhojiwa, hivyo mwanamke aliyefungua mlango aliulizwa mara nyingi kuhusu kutunza nyumba. Maswali hayo yalibadilishwa Januari 1994.

4. Kutoka Nairobi hadi Geneva

Katika Afrika huru, swali lilipata sura nyingine. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya ulitoa mwaka 1972 ripoti iliyolieneza jina la «sekta isiyo rasmi». Mafundi, wachuuzi na washonaji waliokuwa wakipuuzwa katika takwimu walionekana kuwa wazalishaji, si watu wakaao bure. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi wa mwaka 1982 ukaamua kwamba anayefanya kazi walau saa moja katika kipindi cha marejeo ahesabiwe kuwa na ajira. Kipimo hicho kilipanuliwa makusudi ili kibarua cha saa chache kisipotee.

Lakini kanuni ya Geneva haijitangazi yenyewe kijijini. Lazima ipitie kinywa cha mhojaji na sikio la mhojiwa. Mtaalamu anaposema «saa moja kwa faida ya kaya», mkulima husikia «kazi», naye hufikiri juu ya mshahara.

5. Jaribio la Tanzania, 2007–2008

Jaribio moja linastahili kuangaliwa kwa karibu na watu wa Kiswahili, kwa kuwa lilifanyika Tanzania, katika wilaya saba, kati ya mwaka 2007 na 2008. Matokeo yake yalichapishwa na Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Baadhi zilipewa maswali mafupi, nyingine maswali marefu yaliyoanza kwa kuchuja shughuli moja moja: kazi ya malipo kwa mtu mwingine, kazi katika shamba la kaya, kazi katika biashara ya kaya. Tena, katika baadhi ya kaya kila mtu alijijibia, na katika nyingine mmoja alijibu kwa niaba ya mwenzake.

Kwa kuwa makundi yalipangwa kwa bahati nasibu, matokeo yangetazamiwa kufanana. Lakini kiwango cha watu walioshiriki katika nguvukazi kilitofautiana hadi kufikia asilimia 10 kati ya kundi na kundi. Maswali mafupi yalipunguza idadi ya wanawake walioonekana kufanya kazi, na kupunguza kazi ya malipo kwa wanawake na wanaume. Kujibiwa na mwingine kulipunguza ushiriki wa wanaume, hasa katika kilimo, na kulipunguza saa za kazi za wanawake. Watafiti waliona kwamba sababu kubwa ni mapungufu ya habari ndani ya kaya, na kwamba umbali wa umri kati ya anayejibu na anayejibiwa una uzito kuliko jinsia au elimu. Kijana hajui mzee ameshinda wapi, wala mzee hajui kijana amepata nini.

Hatari yake ni wazi. Nchi ikitumia maswali marefu mwaka huu na mafupi baada ya miaka mitano, itaandika kwamba wanawake wameacha kazi, hali kilichobadilika ni karatasi. Jambo la namna hiyo lilitokea India: kati ya sensa ya 1961 na ya 1971 idadi ya wanawake walioandikwa kuwa wafanyakazi ilishuka kwa karibu nusu, kwa sababu kubwa ya kubadilishwa kwa swali.

6. Kongo: aliye kazini bila malipo

Historia ya Katanga inaongeza tatizo la kinyume. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Wafanyakazi walibaki katika daftari, lakini mishahara ilicheleweshwa miezi mingi, huku kaya zikilishwa na bustani na biashara ndogo ya mke. Katika hojaji, mume alikuwa na kazi na mke hakuwa nayo. Mezani ilikuwa kinyume. Mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 10,000, uliwaondoa daftarini watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kujitafutia riziki kwingine.

Uchunguzi wa 1-2-3, ulioanzia Yaoundé mwaka 1993 na kufanywa Kongo mwaka 2004–2005 na tena 2012, ulijaribu kuliziba pengo hilo kwa kufuatana hatua tatu: ajira kwanza, kisha vitengo visivyo rasmi, halafu matumizi ya kaya. Jibu la hatua moja huweza kupimwa kwa nyingine.

7. Hitimisho

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu walibadili tena ufafanuzi: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake hufanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili kwa dhana hizo mbili. Hata hivyo kosa jipya limezaliwa: mama apandaye mahindi mwezi Novemba hajui bado atauza magunia mangapi, naye hutakiwa kujibu kana kwamba anajua.

Kwa hiyo kuitafsiri hojaji si kazi ya dakika za mwisho ya kumwachia mhojaji mlangoni. Neno «kazi» likiachwa peke yake litawatafuta wenye mshahara, matendo yakitajwa moja moja (ulilima, uliuza, ulishona, ulimsaidia nani?) wengine nao wataonekana. Fungu la fedha za mbegu, barabara na mikopo hugawanywa kwa kufuata idadi hizo. Asiyehesabiwa leo hatakumbukwa kesho fungu hilo litakapogawanywa.