Haya za Mgeni wa Chuo: Kapsoit, Makerere na Kabianga

Kapsoit ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kericho ikishukia Kisumu, na msafiri apitaye kwa matatu aghalabu huliona kwa dakika chache tu: maduka, bodaboda zinazongoja abiria, na nyuma yake vishamba vya chai vya wenyeji vikiteremka mpaka mtoni. Nimelichagua kuwa mahali pa kuanzia habari za mwanafunzi mwenye haya aingiapo chuo kikuu kwa kuwa, ndani ya muda usiofika karne, safari yake imegeuka ikarudi ilikoanzia; babu aliifuata elimu ughaibuni, na mjukuu ameletewa chuo karibu na mlango wake, naye angali anainamisha uso.

Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na taratibu zao za kumpokea mgeni wa daraja jipya zamani sana kabla ya vyuo. Vijana waliotahiriwa walitengwa katika menjo, nyumba iliyojengwa mbali na macho ya watu, wakakaa humo miezi mingi chini ya walimu waitwao motirenik. Yafundishwayo humo hayaandikwi gazetini, wala mimi sitathubutu; lakini adabu yake ya nje yajulikana na kila mtu, nayo ni kwamba mwari hujificha asionwe na wanawake, hustahi waliomtangulia, na hanyanyui sauti mbele yao. Kunyamaza, basi, hakukuhesabiwa kuwa ila ya tabia. Kulikuwa sehemu ya elimu yenyewe, na mwenye kudakia maneno ya wakubwa ndiye aliyewaaibisha waliomlea. Tena, na hili ndilo wengi hulisahau, mwari hakuachiwa haya zake azibebe peke yake, maana alikuwa na motiriot, yaani mmoja wa walimu hao, aliyemjua kwa jina na kwa ukoo, na rika lililoonja naye baridi ile ile.

Mwaka 1925, wakati ule ule ambapo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yakiweka misingi ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Waafrika Kabianga. Mmoja wa waliopita humo ni Taaitta Toweett, aliyezaliwa mwaka huo huo, ambaye aliendelea mpaka Alliance huko Kikuyu, kisha Makerere, kisha Torquay nchini Uingereza, akarejea kuwa mwanasiasa, waziri na bingwa wa lugha. Toweett hakuwa mtu wa haya hata kidogo, na yeyote aliyezisikia hotuba zake bungeni angenicheka nikidai vingine. Namtaja kwa kuwa njia aliyoipita ndiyo waliyoipita wenzake wapole, ambao majina yao hayakuingia vitabuni.

Kijana wa milima hii aliyeitwa Makerere ilimpasa kwanza aifikie reli. Akipenda angepanda kwenda stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, au angeteremka Kisumu kwenye bandari ya ziwa. Na tangu mwaka 1931, reli ilipofika Kampala, angeweza kuzunguka kwa njia ya Nakuru na Eldoret bila ya kukanyaga meli. Alipowasili alikikuta chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na ambacho kuanzia mwaka 1949 kiliwatayarisha wanafunzi wake kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, pamoja na desturi za London: joho, ukumbi wa kulia, kisu na uma. Hayo, naona, yalijifunzika kwa juma moja au mawili. Jambo zito lilikuwa ile meza ndogo ya majadiliano, ambapo mwalimu mwenye mvi husoma insha yako kisha akakuuliza kwa nini hukubaliani naye. Kijana aliyelelewa kwamba mkubwa hajibiwi ila kwa taadhima alitakiwa ampinge uso kwa uso, kwa lugha ya tatu, kabla ya mvua za kwanza kukatika. Na akinyamaza, huandikwa kwamba ni mzito wa fahamu.

Baadaye vyuo vilisogea karibu kwa upesi. Nairobi ilipata chuo chake cha kifalme cha ufundi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa Eldoret. Mwaka huo huo serikali iliamuru kwamba wote waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu wapitie kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika Vijana wa Huduma kwa Taifa, huko Gilgil, wakaamshwa alfajiri, wakapigishwa kwata, wakachimba mitaro. Wengi walililaani jambo hilo, na lilipofutwa baada ya miaka michache hakuna aliyelilia. Ila mimi nasema, na wanaonijua watashangaa, kwamba Gilgil ilikuwa menjo ya serikali pasipo serikali kujua: mtoto wa Kapsoit aliyekuwa hawezi kumsabahi mgeni alishika mpini wa jembe pamoja na mtoto wa Lamu na wa Machakos, na Oktoba ilipofika, akiingia bwenini, palikuwa na angalau mtu mmoja aliyelijua jina lake. Tangu hapo mgeni hupewa juma moja la utambulisho, hotuba nyingi ukumbini, na fungu la karatasi.

Kabianga, katika kaunti hii hii ya Kericho, ilifanywa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2009, ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kwa kuwa wanafunzi hugawanywa nchi nzima kwa alama zao, sasa ni mtoto wa Mombasa ashukaye garini Septemba na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na ndoo, akapokewa na mvua ya mawe ya alasiri ambayo hakuna aliyemwonya nayo, huku kila mtu sokoni akisalimiana kwa Chamgei naye hajui ajibu nini. Ungedhani ndiye atakayedhoofika kwa upweke, na mwenyeji astarehe. Aghalabu huwa kinyume, maana wa mbali, kwa kukosa pa kukimbilia, hubisha hodi chumba cha pili kuomba kiberiti, akaombwa chumvi, na urafiki ukaanza. Tena Kiswahili chake huwafanya wenziwe wamtafute kwenye majadiliano ya vikundi. Mwenyeji mpole, ambaye karo yake imetoka katika bonasi ya chai ya mama yake, humaliza muhula akiwa hajafungua kinywa darasani. Ijumaa alasiri yeye hufungasha nguo chafu, akapanda gari la kurudi kwao, Jumamosi akachuma majani mawili na chipukizi mpaka kikapu kijae, akarejea Jumapili usiku wenzake wakiwa wamekwisha kugawana kazi ya kikundi bila ya kumhesabu.