Awamu za Mwezi

Awamu za Mwezi ni sura mbalimbali ambazo Mwezi huonekana nazo kutoka duniani, tangu hilali nyembamba hadi mwezi mpevu, kisha kupungua tena mpaka usionekane. Mzunguko mmoja huchukua siku 29.5 hivi. Kwa sababu hiyo miezi ya Kiislamu, inayoanza kwa kuandama kwa hilali, huwa na siku 29 au 30.

Wengi hudhani kuwa kivuli cha Dunia ndicho kinachoumega Mwezi. Sivyo. Nusu ya Mwezi humulikwa na Jua sikuzote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona. Chungwa linatosha kuthibitisha. Jua likikaribia kutua, lishike chungwa kwa mkono ulionyooka, ujigeuze taratibu papo hapo. Ukilielekea jua, upande ulio kwako ni wa giza. Ukigeuka robo, nusu yake inang'aa. Ukilipa jua kisogo, linang'aa lote, mradi uliinue kidogo lisiingie kwenye kivuli cha kichwa chako. Likiingia, hapo ndipo umepata kupatwa kwa Mwezi, jambo lisilotokea kila mwezi kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 hivi na mara nyingi hukipita kivuli cha Dunia kwa juu au kwa chini.

Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua. Kuanzia hapo huchelewa kila siku, kwa wastani dakika 50, hata ufikapo robo ya mwisho huchomoza karibu saa sita usiku na kuonekana bado angani asubuhi.

Michoro ya Ulaya huonyesha hilali iliyosimama. Lamu na Unguja, karibu na ikweta, Mwezi hushuka karibu wima kulifuata Jua, hivyo hilali mara nyingi hulala chali kama dau, ncha zote mbili zikitazama juu. Mtoto wa pwani achoraye hivyo hajakosea.

Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, Jua, Dunia na Mwezi hukaribia kuwa mstari mmoja, na mivuto ya Jua na Mwezi husaidiana. Hizo ndizo siku za bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, na huko Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, wakulima wa mwani hushuka pwani maji yakitoka, kufunga mbegu kwenye kamba. Siku za robo mivuto hukinzana, maji huwa mafu, na mashamba ya mbali hubaki yamezama.