Jina Kwenye Leso

Kabla ya kiwanda, leso ilishonwa nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua jora la vitambaa vya mkono, ambavyo Wareno waliviita lenço. Walikata vipande sita, wakaviunga vitatu juu, vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona soko, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa tayari.

Biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza Mombasa 1887. Hadi leo leso zao zimeandikwa "Mali ya Abdulla". Hebu enda harusi ya Mombasa: bibi harusi katunzwa leso, mashangazi wamevaa sare, na jina la mwenye mali liko hapo hapo. La mshonaji wa kwanza, wapi?

Lakini doti bado huuzwa bila kukatwa. Ikifika nyumbani, lazima mtu ashike sindano apinde.