Kompyuta kuukuu isiyopata kiraka, ifungie mlango

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini nikipita kwenye saiba zake, na zile za Naivasha na Molo, bado nakuta kompyuta za mtumba zenye Windows 7, hata XP. Kwetu Pwani hali ni hiyo hiyo. Simlaumu mwenye saiba, kwani mashine mpya ni ghali na ya zamani bado yafanya kazi. Lakini ikikwama siku ya mwisho ya kuomba chuo kupitia KUCCPS, anayeumia ni mtoto wa watu.

Leo nazungumzia shambulio la kuzuia huduma. Mshambulizi haibi kitu. Huishughulisha kompyuta mpaka ishindwe kuwahudumia wenyewe. Ni kama watu wajaze viti vyote vya mkahawa, kila mmoja ataka chai yake iletwe tone kwa tone. Hawanywi wakaisha, hawaondoki, na mteja wa kweli hana pa kukaa.

Septemba 2009, Microsoft ilitoa tangazo MS09-048 kuhusu kasoro za namna hiyo. Vista ilipata kiraka. Windows 2000 haikupata, ingawa ilikuwa bado yahudumiwa: kampuni ilisema muundo wake haukuwezesha. XP pia haikupewa, kwa hoja kwamba faiwoli yake, ikiachwa ilivyokuja, haipokei miunganisho kutoka nje. Somo ni kwamba pasipo kiraka, kinga ni mlango uliofungwa.

Huduma ya kawaida ya XP ilikoma 8 Aprili 2014, ya Windows 7 ikakoma 14 Januari 2020, na ya Windows 10, 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo mwenye mashine hizi afanye haya:

1. Aweke viraka vyote vilivyokwisha kutolewa. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, kiraka chake kwa Windows 7 kilikuwa kimetoka tangu Machi.

2. Awashe faiwoli na kufuta ruhusa za programu asizozitumia.

3. Kwenye ruta, asifungulie intaneti mlango namba 445 wa kushiriki mafaili, uliopitiwa na WannaCry, wala 3389 wa kuendesha kompyuta kutoka mbali.

4. Atenge mtandao. Simu za wateja wa Wi-Fi zisichanganyike na mashine kuukuu. Ile ya kuchapa na hesabu tu, aichomoe intaneti kabisa.

5. Ikiwezekana, aweke Linux ambayo bado yapata viraka.

Faiwoli ina mpaka wake. Haizuii mafuriko yanayojaza laini yenyewe. Tovuti ya eCitizen ilivamiwa kwa wingi wa maombi Julai 2023, nayo ni mali ya serikali. Yakikufika hayo, mpigie anayekuuzia intaneti. Yeye ndiye awezaye kuyazuia kabla hayajafika kwako.

Hatua nne za mwanzo hazihitaji kununua mashine mpya. Zifanyeni wiki hii, kabla wateja hawajapanga foleni.