Kabla ya Kuamini Kompyuta, Uliza Fundi

Siku hizi kuna programu ya kupigia hesabu kila aina ya matengenezo. Unaweka gari, lifti ama jenereta, inakutolea tarehe ya servisi na pesa utakayotumia. Wengi wetu tunadhani hiki ni kitu cha juzi. Wapi! Hesabu hii ilianza Marekani miaka ya 1950, na ukijua ilivyoanza, hutadanganywa kirahisi na namba safi kwenye skrini.

Mwishoni mwa 1956, kampuni ya kemikali ya DuPont ilitaka kujua kama kompyuta yake ya UNIVAC ingeweza kupanga kazi za uhandisi. Kazi hiyo ikawaangukia Morgan Walker wa DuPont na James Kelley, mtaalamu wa hesabu kutoka Remington Rand, kampuni iliyouza hiyo mashine.

Shida ilikuwa hivi. Mradi ukichelewa, wakubwa walikuwa wanaharakisha kila kitu. Kila fundi anafanya kazi ya ziada, kila mtu analipwa zaidi. Lakini kama wa rangi anamsubiri wa bomba, kumlipa wa rangi akeshe ni kutupa pesa. Walker na Kelley wakaona kuna mlolongo mmoja tu wa kazi unaoamua siku ya kumaliza. Ukichelewa hapo saa moja, mradi mzima unachelewa saa moja. Kwingine kuna nafasi ya kupumua.

Kwa hivyo kila kazi ilipewa bei mbili: ya mwendo wa kawaida na ya haraka. Tuseme kazi ya kwanza ikiharakishwa siku moja inaongeza 6,000, na ya pili inaongeza 3,000. Kama zote ziko kwenye ule mlolongo, kompyuta inachagua ya pili kwanza. Simpo, lakini ukiwa na mamia ya kazi, kichwa cha mtu hakiwezi.

Mwaka wa 1959 njia hii ikajaribiwa kwenye matengenezo ya kiwanda cha DuPont huko Louisville, Kentucky. Muda wa kukifunga ukashuka kutoka saa 125 hadi 93. Kiwanda kikifungwa hakitoi mali yoyote, so hizo saa 32 zilikuwa pesa tupu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wauzaji wa programu hawakuambii. Njia hiyo ilisambaa dunia nzima, lakini wengi walichukua ratiba wakaacha upande wa gharama. Kwa nini? Zile bei mbili zilikuwa ngumu kupata. Vitabu vya mhasibu vinasema idara ilitumia pesa ngapi mwaka mzima. Havisemi kufungua pampu moja kwa siku moja badala ya mbili kutagharimu nini. Jibu hilo lilikuwa kwa msimamizi na mafundi wake, kichwani, na hakuna mtu alikuwa amewahi kuliandika.

Maoni yangu ni kwamba miaka zaidi ya 60 imepita na bado tuko hapo hapo. Kompyuta imekuwa ndogo ikaingia mfukoni, lakini bado haijui bei. Inajua kujumlisha tu. Chukua mwenye matatu: servisi yake si oili na filta peke yake. Ni siku nzima bila abiria, ni spea iliyokosekana, ni fundi kugundua kitu kingine akishafungua injini. Kama hakuna anayeandika hayo kila mara gari likiingia gereji, programu itamrudishia makisio yake mwenyewe yakiwa yamevalishwa suti.

Kwa hivyo ukiletewa makadirio ya matengenezo, iwe ni ya ploti, ya shule ama ya gari lako, usiulize kwanza ni programu gani ilitumika. Uliza hizo namba zilitoka kwa nani, na kama fundi aliulizwa.